Majani ya Itongo

Lusu, Nzega
3 Februari 1975

Zeyana, shoga yangu,

Mimi mzima, na wewe najua u mzima kwa sababu watu wabishi hawaugui. Naandika mbiombio maana basi la Tabora linapita saa nne, na utingo wake hamsubiri mtu hata awe padri.

Kifurushi ulichopewa pamoja na barua hii ni majani ya nyasi, mia moja kamili, na nayataka yapimwe. Ngoja nikueleze kwa nini.

Tangu Agosti niko hapa kama bibi malisho. Watu wa vitongoji saba wamehamishiwa kijiji kimoja kando ya barabara, na ng'ombe wao wamefuata. Ardhi iliyobaki wazi ni sehemu mbili tu. Ya kwanza ni Itongo, juu kidogo, pale misafara ya wapagazi ilipokuwa ikipiga kambi zamani ikielekea Ziwa Nyanza. Punda na watu waliutia mbolea udongo ule miaka na miaka. Nyasi zake ni fupi, majani mapana. Ya pili ni Mbugani, kule chini kwenye udongo mweusi, nyasi hadi kiunoni. Ukizitazama kwa mbali utasema hapa ng'ombe watanenepa mpaka washindwe kutembea.

Katibu wetu wa kijiji, Ndugu Silasi, anataka Itongo ilimwe eka mia mbili za pamba. Kisa? Iko barabarani, wageni wa serikali wataliona shamba bila kushuka garini. Ng'ombe, anasema, waende Mbugani kwenye nyasi ndefu. Mimi nasema huo ni msiba. Zile ndefu zikishaliwa mara moja hazirudi upesi, na kiangazi kikifika hakuna kitu. Zeyana, watu hawa wametoka kwenye ukame juzi tu. Mama Kashindye ninayekaa kwake alikuwa na ng'ombe kumi na wanne, amebakiwa na watatu, na hao watatu anawaita kwa majina.

Katibu akaniuliza mbele ya halmashauri: "Ushahidi uko wapi, binti?" Misimu miwili ya kungoja tuone hatuna. Ndipo nikakumbuka tuliyofundishwa chuoni. Jani pana na jepesi ni la nyasi inayojenga haraka: ng'ombe akilila, linaota jingine. Jani gumu na zito nyasi imelitolea jasho. Likiliwa, kulirudisha ni kazi ya miezi. Kwa hiyo pima jani, utajua nyasi itakuaje. Nikamwambia: yatapimwa Tabora, majani ya pande zote mbili, na majibu nitayasoma mwenyewe mkutanoni tarehe mosi Machi. Yakiwa upande wako, nitanyamaza. Akanipa mkono, nami nikampa wangu.

Haya ni ya Itongo, nimechuma kwa mikono yangu. Ya Mbugani yanafuata. Wewe una chumba cha kupimia hapo ofisini kwenu. Chora kila jani kwenye karatasi ya miraba, hesabu miraba, likaushe, pima uzito. Nisaidie, tafadhali.

Mwenzio,
Apolinaria


Itetemia, Tabora
10 Februari 1975

Apolinaria wewe!

Hata salamu za maana huna, majani tu! Haya, marahaba, maana najua shikamoo yangu umeimeza. Mama anakusalimu. Baba anauliza kama bado unagombana na wanaume wenye vyeo. Nimemwambia ndiyo, na sasa umempata katibu.

Majani yako nimeyachora yote mia moja. Macho yananiuma, naona miraba hata nikifumba. Yamekauka vizuri na nimepima mara tatu. Kila gramu moja ya majani makavu ya Itongo inafunika miraba mia mbili na kumi. Ni mepesi kweli, shoga yangu, karibu uyapulize yaruke. Ulikuwa sahihi, lakini usijisifu kabla hatujaona ya Mbugani.

Na hayo ya Mbugani nisikilize vizuri. Usichume ncha, usichume kizee kilichoanza kunyauka. Chuma jani lililokwisha kufunguka lote, la tatu kutoka juu, juani, kama ulivyofanya kwa Itongo. Tukichanganya yaliyokomaa na machanga tutakuwa tunajidanganya.

Ofisini ni kule kule, sina mengi ya kusema. Mizani ninayotumia haina ubishi, hiyo nakuhakikishia.

Wako,
Zeyana binti Hilali


Lusu
17 Februari 1975

Zeyana,

Majani ya Mbugani ndiyo hayo. Mia moja. Nimechuma mwenyewe kama ulivyosema. Naomba majibu yawahi tarehe mosi. Mwandiko usiutazame, kalamu mbovu.

Apolinaria


Itetemia
22 Februari 1975

Apolinaria,

Sijui nianzie wapi. Nimepima mara tano. Nimeyarudisha juani siku nzima, nikapima tena.

Majani ya Mbugani: gramu moja, miraba mia mbili na arobaini. Ni mepesi kuliko ya Itongo. Kwa hesabu hii nyasi za Mbugani zinakua haraka zaidi, na katibu wako ana haki.

Nimekaa nayo barua hii tangu jana nikitamani kuandika namba nyingine. Lakini ulimpa mtu mkono, na mimi siwezi kukuandikia uongo. Pole sana. Angalau umenifurahisha kwa usafi, maana safari hii umeyafunga vitita vizuri kwa kamba ya mgomba, na yameoshwa, hayana hata vumbi. Kumbe ukitaka unaweza kuwa mwanamke nadhifu!

Usikate tamaa. Niandikie mkutano umekwendaje.

Zeyana


Lusu
2 Machi 1975

Zeyana,

Nimesoma. Nilisimama mbele ya watu mia tatu nikasoma mia mbili na kumi, kisha mia mbili na arobaini, nikaeleza maana yake, nikakaa. Katibu hakucheka, hilo nampa. Alisema tu, "Bibi malisho amesema kweli hata ilipomuuma." Watu wakapiga makofi. Nilitamani ardhi inimeze.

Trekta linaombwa lije tarehe saba Aprili, kabla udongo haujakauka. Litaanza Itongo.

Leo baada ya misa nimekwenda Mbugani peke yangu. Nilitaka niyaone hayo majani mepesi. Nimerudi nimechanika miguu yote. Nimejaribu kulikata jani moja kwa kucha, likanikata mimi kidole. Hilo ndilo jani la miraba mia mbili na arobaini? Ng'ombe wa Mama Kashindye, yule anayeitwa Sikitu, nilipomletea moja alilinusa akageuka.

Kuna kitu hakikai sawa. Sijui ni kwako au kwangu. Nakuuliza kwa upendo: mizani ya ofisi ni nzima?

Apolinaria


OFISI YA KATIBU, KIJIJI CHA UJAMAA
4 Machi 1975

Kwa Ndugu Apolinaria, Malisho.

Ndugu,

YAH: VIPIMO VYA MAJANI

Nakushukuru kwa moyo wa kizalendo uliouonyesha mkutanoni. Ili taarifa iende wilayani pamoja na ombi la trekta, tafadhali leta yafuatayo: karatasi ya vipimo ikiwa na mhuri wa ofisi iliyopima, jina na cheo cha aliyepima, na jina la aliyechuma majani kila upande. Karatasi uliyosoma haina mhuri. Nadhani ni haraka tu.

Ndugu yako katika ujenzi wa Taifa,
Silasi Mwinamila
Katibu


Itetemia
8 Machi 1975

Apolinaria,

Umeniuliza kwa upendo, na mimi nakujibu kwa hasira, kisha utanisamehe au hutanisamehe.

Nilipopata barua yako niliyatoa yale majani makavu. Sikuyatupa. Nikayatandaza juu ya meza, ya Itongo huku, ya Mbugani kule. Apolinaria, ya Mbugani hayana hata moja lililokomaa! Yote ni vichanga vya ncha, vile ambavyo havijafunguka chini. Jani changa ni jepesi kwenye nyasi yoyote duniani. Nami mjinga nikakusifu kwa usafi! Yalikuwa yameoshwa na kufungwa vitita. Tangu lini wewe ukaosha majani ya kupima? Wewe ambaye bwenini ulikuwa unafua soksi siku ya mtihani?

Nani alichuma?

Na kabla hujanijibu, na mimi nina langu, maana nimechoka kulificha. Mizani si ya ofisi. Niliacha kazi tarehe thelathini na moja Januari, siku tatu kabla ya barua yako ya kwanza. Nimepima nyumbani, kwa mizani ya dhahabu ya marehemu bibi yangu Khole. Ni nzuri kuliko ile ya ofisini, wallahi, inahisi hata unywele. Lakini mhuri haina.

Niliacha kazi kwa sababu tunaondoka. Baba ameamua. Tangu nyumba ya mjini ichukuliwe na serikali amekuwa akikaa barazani hapa Itetemia kama mgeni, na ndugu zake wa Muscat wanaandika kila mwezi: rudini. Arudi wapi, naye amezaliwa hapa Tabora na baba yake amezaliwa hapa? Lakini ameamua. Treni ni tarehe tatu Aprili. Sikukwambia kwa sababu barua zako ndizo kitu pekee kilichokuwa hakijafungashwa.

Zeyana


Lusu
13 Machi 1975

Zeyana,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, kisha nikaikunja, nikaenda kuchota maji ndoo nne ambazo hakuna aliyenituma.

Sikuchuma mimi.

Tarehe kumi na tatu Februari homa ilinishika. Nililala siku tano nyumbani kwa Mama Kashindye nikitetemeka, na tarehe ya mkutano inakuja. Nikamwambia, "Mama, nichumieni majani ya Mbugani, mia moja, mazuri, nimpelekee mwenzangu mjini." Hayo ndiyo maneno yangu. Mazuri, mwenzangu, mjini. Sasa mama wa Kinyamwezi akisikia kitu kinakwenda kwa mgeni mjini, atapeleka jani kavu? Walikwenda wanawake sita, wakachuma ncha laini kama wanavyochuma mlenda, wakaosha, wakafunga vitita, wakaniletea kitandani kwa furaha. Nikafumba macho nikaandika "nimechuma mwenyewe". Niliogopa katibu akijua naugua ataahirisha, au ataleta mtu mwingine. Niliogopa kuonekana msichana dhaifu. Huo ndio ukweli wote.

Nilipomwambia Mama Kashindye jana, alisema, "Mwanangu, kwa nini hukusema unataka yale mabaya? Tungekuletea mzigo." Nilicheka mpaka nikalia.

Sasa juu yako. Unaondoka! Umeniandikia "ofisini ni kule kule" huku sanduku liko wazi nyuma yako. Nimekasirika, Zeyana. Si kwa mizani, mizani ni nzuri. Nimekasirika kwa sababu ningekuja. Ningepanda hilo basi hata kwa kusimama, nikae nawe siku mbili, nikusaidie kukunja nguo.

Lakini hasira yangu itangoja. Trekta halingoji. Nimekwenda kwa katibu leo asubuhi nikamwambia kila kitu: nani alichuma, kwamba nilidanganya kwa maandishi, kwamba vipimo havina mhuri na havitakuwa nao. Alivua miwani. Akasema, "Ndugu Apolinaria, mara ya kwanza ulileta karatasi nikaiamini. Leo unaniletea karatasi nyingine ya kuikataa ya kwanza. Kesho utaleta ya tatu. Nitamwambia nini mkuu wa wilaya, kwamba nasimamisha trekta kwa mizani ya watu wanaohama nchi?"

Nilimjibu vibaya, sitakuandikia. Kisha nikamwomba mkutano mmoja tu. Amekubali tarehe ishirini na tano, kwa sharti moja: nitasema kosa langu mbele ya watu wote, na yeye ataliandika. Nimekubali. Sasa niambie, nitawaonyeshaje watu ambao karatasi za miraba hawaziamini tena?

Apolinaria


Itetemia
18 Machi 1975

Mkaidi wangu,

Wapelekee mizani yenyewe! Achana na namba, wape kitu cha kuona kwa macho.

Kifurushi hiki mwambie utingo akipakate, asikitie chini ya viti. Ndani kuna mizani ya Bibi Khole, na sahani zake mbili. Ukiitundika mahali pasipo upepo itatulia. Katikati ya pamba kuna kipande cha bati nilichokata kwa mkasi wa mama: upana wa penseli, urefu wa njiti ya kiberiti. Kiweke juu ya jani, kata kwa wembe kulizunguka. Vipande mia moja vya Itongo, mia moja vya Mbugani, vyote ukubwa ule ule. Vikaushe siku mbili pamoja, sinia moja, jua moja. Kisha sahani hii, sahani ile. Eneo ni sawa, idadi ni sawa. Upande utakaoshuka ndio wenye jani gumu, na nyasi yake itachelewa kurudi. Hakuna cha mhuri wala cha kujua kusoma.

Na wachume wale wale wanawake sita. Jani la tatu, lililofunguka, la juani. Waambie si zawadi.

Baba aliniona naifunga. Akauliza inakwenda wapi mizani ya mama yake. Nikamweleza yote, na wewe, na ng'ombe, na Itongo. Aliigusa kamba ya kifurushi. Halafu akasema babu yake mwenyewe alilala Itongo akienda Karagwe na misafara, na kwamba walipenda pale kwa sababu punda walikuwa wakiamka wameshiba. Akasema, "Ipeleke. Muscat kuna mizani." Kisha akaingia ndani akafunga mlango, na mimi nikajua analia.

Nisamehe kwa kukuficha. Nilijua ungekuja, na ungekuja nisingeweza kupanda treni.

Zeyana


Lusu
27 Machi 1975

Zeyana,

Sikiliza ilivyokuwa, yote, maana sitapata nafasi ya kukusimulia kwa mdomo.

Wanawake walichuma tarehe ishirini na tatu asubuhi. Mama Kashindye alisimama Mbugani mikono kiunoni akiwafokea wenzake: "Si hilo, hilo changa! Lile pale, lenye sura ya mama mkwe!" Mikono yao yote ilitoka damu, mikono ya watu wanaolima kila siku. Kwenye kukata vipande tulikaa mbele ya ofisi ya katibu, kila mtu anayepita akahesabu mwenyewe. Katibu alitoka, akatazama, akasema hawezi kuacha sinia ovyo watu wakasema limechezewa. Basi akaleta kiti chake. Zeyana, mwanamume yule alikaa juani kando ya sinia siku mbili mchana kutwa, na jioni akalifungia ofisini na ufunguo akautia mfukoni. Niliona anavichukua vipande kimoja kimoja, anavikunja kwa vidole, anavirudisha.

Tarehe ishirini na tano watu walijaa. Nilisimama nikasema. Nilisema nilidanganya, nilisema kwa nini, nilisema nani alichuma na kwamba wao hawakukosea, mimi ndiye niliyewaagiza vibaya na kisha nikajitwika sifa. Nilidhani sauti itakatika. Haikukatika. Mzee mmoja akapiga kelele, "Kwa hiyo mara ile tulipiga makofi ya bure?" Nikamjibu, "Ya bure, mzee wangu." Watu wakaguna, wengine wakacheka.

Mizani tuliitundika ndani ya darasa, madirisha tukayafunga, watu wakaingia kwa zamu ishirini ishirini. Mama Kashindye aliweka vya Itongo. Katibu mwenyewe aliweka vya Mbugani. Alipoondoa mkono sahani ya Mbugani ikashuka mpaka mwisho, ikagonga meza. Tukarudia. Tukabadilisha sahani, maana kuna aliyesema sahani moja ni nzito. Ikashuka ile ile ya Mbugani. Kila zamu nilieleza: jani gumu hivi, likiliwa halirudi kabla ya mvua. Hawakuhitaji maelezo mengi. Mama mmoja alisema, "Hata sufuria nyepesi huchemka kwanza," akatoka.

Wameamua kwa mikono: Itongo ibaki ya ng'ombe. Kwenye ukingo wa Mbugani, ambapo maji yanasimama, walime mpunga. Mikono mia mbili na themanini juu. Katibu hakuinua wake wala hakupinga. Aliandika.

Nimechoka hadi mifupani, na nina furaha ambayo sijui niiweke wapi. Barua hii nimeielekeza kwa shangazi yako Dar es Salaam ikukute kabla ya ndege.

Apolinaria


OFISI YA KATIBU, KIJIJI CHA UJAMAA
2 Aprili 1975

Kwa Ndugu Apolinaria, Malisho.

Ndugu,

Uamuzi wa mkutano umeandikwa na kupelekwa. Napenda ujue, hata hivyo, kuwa agizo la trekta lilikwishatoka wilayani tangu tarehe kumi Machi na linataja Itongo kwa jina. Jibu la kulibadilisha halijaja. Dereva hulima palipoandikwa. Mimi ni mtumishi.

Aidha, taarifa ya kosa lako la kuandika uongo imekwenda kwa mkuu wako wa kazi. Nililazimika. Utapata barua ya uhamisho.

Silasi Mwinamila
Katibu


Dar es Salaam
5 Aprili 1975

Apolinaria,

Barua yako nimeikuta kwa shangazi. Nimeisoma kwa sauti mbele ya wote, na Baba aliposikia sahani imegonga meza alipiga paja lake akasema, "Hee!" Kwa siku nyingi sijamsikia akisema hivyo.

Ndege ni Alhamisi. Treni ilipotoka Tabora nilikaa dirishani nikitazama nyasi kandokando ya reli mpaka Itigi, nikijisemea hii pana, hii nyembamba, hii itachelewa. Umeniharibu, sitaweza tena kupita mahali nikaona majani tu. Nalia hapa ninapoandika, na nimekasirika kwamba nalia. Niandikie trekta likishapita. Namba ya sanduku la Muscat iko nyuma.

Zeyana


Lusu
8 Aprili 1975

Zeyana,

Trekta limekuja jana.

Tulikuwa tumejua tangu barua ya katibu kwamba karatasi inasema Itongo. Sikulia wala sikumfuata kumbembeleza. Nilizunguka nyumba hadi nyumba, na Mama Kashindye akazunguka upande wa pili. Alfajiri jana ng'ombe wote wa kijiji, mia tatu na kumi na wawili, walikuwa Itongo. Wanawake walikaa chini katikati yao na vikapu vyao vya karanga, wakibangua. Hakuna aliyebeba fimbo. Nilikuwa nimekaa pembeni mwa njia, na barua ya uhamisho mfukoni. Nimepangiwa kusini, Sikonge. Natakiwa huko tarehe ishirini.

Dereva, kijana anayeitwa Tobias, alizima mashine akashuka. Akatutazama, akatazama karatasi yake. Akasema kwa upole kabisa, "Akina mama, mimi nimeandikiwa Itongo." Mama Kashindye akamjibu, "Lima basi, mwanangu. Sisi tunabangua karanga."

Katibu alikuja kwa baiskeli. Alisimama katikati, kati ya trekta na ng'ombe. Nilijua anafikiria nini. Watoto wake wanne, nyumba ya serikali, mkuu wa wilaya. Nilimwogopea, Zeyana, kwa mara ya kwanza nilimwogopea yeye. Tobias akamwuliza, "Mzee, nifuate karatasi au niwafuate hawa?"

Katibu akasema, "Majani yale niliyalinda mwenyewe siku mbili. Siwezi kuandika kwamba sikuyaona." Akaomba karatasi. Akaiweka juu ya bawa la trekta, akakata neno Itongo, akaandika Ukingo wa Mbugani, akaandika jina lake lote, na tarehe, na akabonyeza kalamu mpaka karatasi ikatoboka.

Tobias akapanda, akawasha, akapinda kushoto kuelekea chini. Nikakaa kwenye nyasi nikalia mbele za watu wote kwa kwikwi, wala sikuona haya. Mama Kashindye akanifunika mgongo kwa khanga yake.

Ng'ombe hawakuinua hata vichwa. Waliendelea kula.

Apolinaria